Kipaza Sauti cha Malkia Jivu

Hapo zamani, zamani yenyewe ya juzijuzi tu, enzi za mabanda ya video, palikuwa na mtu Masasi akiitwa Mfaume Likapa. Sogeeni karibu. Wa nyuma wasije wakasema hawakusikia, maana mwishoni nitawauliza jambo, na atakayeinamisha uso nitamwona.

Mfaume alikuwa mtafsiri wa picha. Banda lake lilikuwa la mabanzi na bati, madirishani mapazia meusi, mbele runinga juu ya meza, deki chini yake, na mabenchi yaliyokaa upandeupande. Picha ikianza, anapunguza sauti ya wale Wazungu, anashika kipaza, anasema yeye. Stelingi, yule shujaa wa picha, akisema, ni Mfaume. Adui akisema, ni Mfaume. Mbwa akibweka, ni Mfaume. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini nani angemkamata? Watu walikuja kumsikia Mfaume. Wazungu walikuwa wasindikizaji tu.

Sasa, ilikuwepo katuni moja iliyoushika mji. Adui wake alikuwa Malkia Jivu, mwanamke mrefu, uso mweupe pe, joho linaburuta. Akigusa nyumba, jivu. Akigusa shamba, jivu. Akigusa daraja, jivu. Ilikuja ya kwanza, ikaja ya pili, ikaja ya tatu, na yule stelingi wa upanga hata jina lake watu walilisahau. Waliyempenda ni adui. Mnashangaa? Walimpenda kwa sababu Mfaume alimpa mtoto. Kila Malkia aliposimama mlangoni pa watu, Mfaume alishusha sauti akasema: "Nimempoteza binti yangu. Nani amemwona? Naufungua mlango huu. Kama hayumo, hakuna nyumba tena." Anafungua, binti hayumo, na nyumba inakwenda. Wanaume wazima, wabeba magunia ya korosho, walitoka mle wakifuta macho na kusingizia vumbi.

Jina la huyo binti Mfaume hakulitaja hata siku moja. Na alikuwa na sababu.

Mfaume alikuwa na mtoto, mmoja tu, Mwanahawa. Homa ilimchukua bado mdogo, sare ya shule haijapauka. Mama yake alifuata baada ya muda. Tangu mazishi yale Mfaume hakumtaja tena mwanawe, na majirani, kwa adabu, wakaacha kumwita Baba Mwanahawa. Akawa Mfaume mtupu. Machozi aliyapeleka bandani, akamkabidhi adui ayalie. Kila mchana alimtafuta mwanawe kwa mdomo wa katuni, jioni anarudi nyumbani, anakula, analala. Ndivyo alivyoweza kuishi, na hakuna aliyejua.

Banda lile lilikuwa na desturi yake. Picha ikikaribia mwisho, Mfaume anabonyeza, picha inasimama, anasema, "Haya, baraza." Hapo kila mwenye mdomo anautumia.

"Nguvu zake ziko kwenye nywele!"

"Nywele gani? Ziko kiganjani, hujaona anavyovua glovu?"

"Acha uongo wewe! Kwenye ya pili alikatwa mkono na daraja likaungua vilevile!"

"Basi akipigana na yule adui wa barafu, nani anashinda?"

Wanagombana hadi mabenchi yanapinduka. Atakufa, hafi, atatubu, hatubu, ataolewa na stelingi. Mpaka baraza litosheke, mwisho hauonyeshwi.

Kisha koo likamshika Mfaume. Mwanzo sauti ilikwaruza, watu wakasema ni kwa ajili ya kelele za kazi. Ikawa kikohozi, ikawa damu. Hospitali kubwa wakampasua koo. Alirudi Masasi akipumua kwa tundu la shingoni lililofunikwa kitambaa, na sauti haikurudi naye.

Na wakati huohuo, ndivyo dunia ilivyo na roho mbaya, katuni ya nne ikafika. Ya mwisho kabisa. Watu wakajaa kwa Mfaume: nani atasema? Nani atamsemea Malkia Jivu? Yeye akakipakata kile kipaza, akawatazama. Alijua wasilolijua. Atakayekishika kipaza atakuwa amemshika Malkia, na atakayemshika Malkia atakuwa amemshika Mwanahawa.

Watatu walijitokeza. Mfaume akaonyesha kwa mikono: njooni wote, picha moja, mwisho mmoja, kila mtu auseme kivyake. Nitakayempa kipaza, ndiye.

Wa kwanza alikuwa mwalimu Titus Nangomwa, anafundisha sekondari, mtu wa shati lililochomekwa, Kiingereza anakinywa kama uji. Yeye ndiye aliyeitafuta ile katuni ya nne mpaka akaipata, wengine walikuwa wanapiga domo tu. Wa pili alikuwa Chande, fundi baiskeli, mkuu wa wabishi wa benchi la mbele. Mfaume alipokuwa hospitali, Chande alikaa mbele ya runinga iliyozimwa, akasimulia zile katuni tatu kwa kichwa chake, pigo kwa pigo, mpaka watu wakaja kukodolea kioo cheusi. Bila yeye banda lingefungwa na mji ungemsahau Malkia. Wa tatu alikuwa Somoe, mtoto wa dada yake Mfaume. Yeye alimwosha mjomba wake kidonda, alisafisha lile tundu la shingo usiku na mchana, na hakumwachia mtu mwingine.

Siku ikafika, mchana wa jua kali, banda likafurika. Picha ikaenda kimyakimya, watu wakitazama midomo inacheza tu. Ilipokaribia mwisho Mfaume akabonyeza, ikasimama. Akafungua kinywa aseme neno lake la siku zote. Ikatoka hewa. Watu wakainama. Chande ndiye aliyelisema kwa niaba yake, taratibu: "Haya, baraza." Lakini baraza la siku hiyo halikuchangamka.

Mwisho wenyewe ulikuwa hivi. Malkia yuko kileleni, stelingi yuko chini yake. Mvua inaanza. Malkia anapiga magoti, anakunjua kiganja, midomo inatikisika. Mvua inammomonyoa kidogokidogo. Giza.

Titus akapewa kipaza kwanza. Hakuanza kusema. Alimgeukia Mfaume.

"Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, na nakuheshimu. Lakini nimezisikiliza zote nne kwa masikio yangu. Huyu mwanamke hana mtoto. Hajawahi kuwa naye."

Vichwa vyote vikamgeukia Mfaume. Mfaume alihisi baridi ikimpanda miguuni, kwenye joto lile. Kisha picha ikaachiwa, na Titus akasema kama ilivyosemwa kwa Kiingereza: "Sikumtafuta mtu yeyote. Niliunguza kwa sababu niliweza. Nikipata siku nyingine, nitaunguza tena." Mvua. Giza. Mtu mmoja nyuma akatukana, wengine wakatoka nje. Mzee mmoja alisema, "Kwa hiyo tulikuwa tunalilia nini?"

Picha ikarudishwa nyuma. Chande akapokea kipaza, akakohoa kidogo, kifua mbele: "Mvua? Mnaniletea mvua? Si ninyi mlionizamisha mtoni kwenye ile ya pili nikatoka? Jivu likilowa ni tope. Tope likikauka ni jivu. Subirini jua liwake!" Mvua. Giza. Wale waliotoka wakarudi mbio! Mabenchi yakapigwa, watoto wakapiga miluzi, ubishi ukafufuka kama zamani. "Anarudi! Si nilisema nguvu haziko mkononi?" Mfaume aliwatazama, na kweli alifurahi kidogo. Lakini katika maneno yote ya Chande hapakuwa na mlango, wala mtu wa kutafutwa. Malkia wake alikuwa na nguvu tu, na hasira.

Picha ikarudishwa nyuma tena. Somoe akashika kipaza kwa mikono miwili. Hakupandisha sauti. Aliishusha vilevile kama alivyokuwa akiishusha mjomba wake, watu wakadhani wamemsikia Mfaume.

"Nimefungua milango yote," alisema. "Nimechoka. Sina nyumba ya kuunguza tena. Mwanahawa. Mwanahawa mwanangu, kama huji, basi mimi ndiye nakuja."

Mvua. Giza.

Mfaume alisikia jina lile. Alilia. Mnajua mtu asiye na sauti analiaje? Kitambaa cha shingoni kilipanda na kushuka, na kwenye lile tundu kukatoka mluzi mwembamba. Majirani wa zamani wakashika vinywa. Ndipo walipoelewa ni nani aliyekuwa akitafutwa miaka yote ile, nao walikuwa wamekaa wakitafuna karanga.

Baadaye wale watatu wakasimama mbele yake, kila mmoja na haki yake mkononi.

Titus alisema: "Mzee, mtafsiri kazi yake ni kubeba maneno ya mwenzake na kuyafikisha. Mimi nimeyafikisha. Najua yanauma. Ila mtu akishalishwa maneno ya uongo, hata yawe matamu, kesho atamwamini nani? Na picha hii mimi ndiye niliyeileta. Nipe mimi."

Chande alisema: "Mwalimu anajua Kiingereza, sawa. Je, anaijua Jumatatu ya mvua banda halina mtu? Nimekaa mbele ya runinga imezimwa, mzee wangu, natoa jasho, ili ukirudi ukute watu. Pigo la Malkia lisilokuwa kichwani mwangu halipo. Mkononi mwa mwalimu amekufa. Mkononi mwa Somoe amekwenda kujifia. Mkononi mwangu anaishi. Nipe mimi."

Somoe alisema: "Mjomba, mimi nilicheza naye. Nilisukwa naye kwenye mkeka mmoja. Kwetu mpwa ndiye anayerithi, unajua, lakini sidai kwa hilo. Nadai kwa sababu umemlia peke yako, mpaka koo limeoza. Mimi pia nilikatazwa kumtaja, na hakuna aliyeniuliza kama naweza. Leo nimemtaja. Nipe mimi."

Titus akamgeukia. "Dada, samahani, lakini ulimwomba ruhusa? Marehemu ni wake."

"Na wewe uliomba ruhusa kumwambia hana mtoto, mbele ya watu wote?"

Chande akacheka kwa uchungu. "Ninyi wawili mmemmaliza mzee. Mimi peke yangu sijamliza."

"Kwa sababu hujui unachokisema," Somoe akamjibu. "Unapiga kelele tu."

Mfaume alikuwa akiwasikiliza wote, na kila mmoja alimwona ana kweli. Moyo wake ulikuwa umeelemea kwa Somoe, nisiwafiche. Mkono uliokuwa na kipaza ulishaanza kunyooka kumwelekea.

Ndipo aliposikia kule mabenchini. Wengi wa watu wale walikuwa wageni mjini, waliokuja na msimu wa korosho, na wengine watoto. Kaburi la Mwanahawa hawakulijua. Walilosikia ni jina jipya la katuni.

"Kumbe binti mwenyewe anaitwa Mwanahawa!"

"Mwanahawa ana nguvu gani?"

"Mama anaunguza, basi mtoto atakuwa anagandisha."

"Wapi! Mwanahawa hana nguvu, angekuwa nazo angepoteaje?"

"Nawaambia akitokea huyo atakuwa adui kuliko mama yake. Tutamkoma!"

"Lakini si amekufa?"

"Nani kamwona amekufa? Hajafa. Ya tano anarudi, shika maneno yangu."

Mfaume aliganda. Lile la kumfanya mwanawe adui lilimchoma, alitamani kuinuka avunje runinga. Lakini yule aliyesema hajafa, mtoto wa watu asiyejua kitu, alipolisema lile neno, moyo wa Mfaume uliruka. Uliruka kwa furaha, mara moja tu, kabla akili haijaukamata na kuurudisha chini. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

Mkono ukarudi kifuani. Somoe aliuona unarudi na macho yake yakajaa. Titus alitazama chini.

Mfaume angekitoa kwa Titus, Malkia angekufa na mlango usingefunguliwa tena, na Mwanahawa angebaki kaburini kwake, pasipo mtu wa kumchezea midomoni. Angekitoa kwa Chande, banda lingejaa mpaka nje, na hakuna ambaye angemtafuta mtoto yeyote. Angekitoa kwa Somoe, mwanawe angeitwa kwa jina lake kila mchana, kwa sauti iliyompenda, na kila mchana wabishi wangemgombania kama mfupa, ana nguvu gani, atarudi lini. Kukaa nacho hakuweza. Alikuwa na pumzi chache, na alijua.

Basi amekaa pale, kipaza kifuani, mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na mabenchi hayanyamazi. Ninyi mliokula na kushiba mkaja kunisikiliza, msinitazame mimi, mimi nimeshindwa. Mngekuwa na mkono ule wa Mfaume, mngemwekea nani kiganjani? Nani kati yao alistahili?