Fisi Kwenye Wiki ya Vitabu Vikuukuu

Nikisema paukwa, nyinyi semeni pakawa. Nikisema vumbi, semeni chafya.

Paukwa.

Pakawa.

Vumbi.

Chafya.

Hivyo hivyo. Wewe mwenye miwani hukuitikia, nimekuona. Mimi shule niliiacha darasa la tano, tena niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, na leo wenye vyeti mmekaa chini mnasubiri nifungue mdomo. Basi tulieni, nafungua.

Zamani wanyama walikuwa na Wiki ya Vitabu Vikuukuu. Kila mwaka, mvua zikikatika, wapenzi wa vitabu vya kale walikutana uwanjani kwa Nungunungu. Kila mmoja alitandika mkeka wake, akapanga vitabu vyake, akaeleza hiki kiliandikwa na nani, kikashonwa na nani, kikarithiwa na nani. Kahawa ipo, kashata ipo, kelele hakuna. Wakusanya vitabu ni watu wa kunong'ona. Hata wakitukanana, hunong'ona.

Sange alikuja na kitabu kimoja tu. Sange mnamjua, yule mnyama mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija. Kitabu chenyewe aliachiwa na bibi yake, kimeandikwa kwa mkono, jalada la ngozi ya mbuzi. Kila jioni Sange aliwasomea watoto wake ukurasa mmoja. Bila ukurasa, watoto hawalali. Na wasipolala wao, nyumba nzima halali mtu.

Fisi naye akaja. Chopi, chopi, chopi, gunia begani. Gunia limejaa vitabu vinene, vimeng'arishwa, vyote vya ngozi. Kusoma hajui. Yeye alipenda kulamba majalada, na zaidi ya kulamba alipenda kuwa navyo vingi kuliko mwenzake.

Akafika kwenye mkeka wa Nungunungu. Akatazama, akameza mate.

"Kizuri hiki. Naazima."

Nungunungu akasimamisha miiba, shaa. "Karibu uchukue, Mzee."

Fisi akapita. Akafika kwa Kima.

"Kizuri hiki. Naazima."

Kima akakikwapua kitabu, huyo, juu ya mti. "Karibu upande, Mzee."

Fisi akapita. Akafika kwa Sange.

"Kizuri hiki. Naazima."

Sange miiba hana. Sange mti hawezi. Kitabu kikaingia guniani, pu.

"Utanirudishia lini, Mzee?"

"Nikimaliza kukisoma."

Wote wakaangalia chini. Fisi amalize kusoma, na hata herufi ya kwanza hajaijua. Siku ya kufunga angevuka mto na gunia lake, na kitabu cha bibi kingekuwa kimekwenda moja kwa moja. Sange alilijua hilo. Hakulia. Alikunywa kahawa yake taratibu, akawaza.

Kesho yake ilikuwa siku ya matundu. Msinicheke, wakusanya vitabu wana mambo yao. Kitabu kikitobolewa kidogo na mchwa, mwenyewe huringa, maana tundu ni dalili ya umri.

"Tundu langu limepita kurasa sitini," Nungunungu akanong'ona.

"La kwangu limefika katikati, likakata kona, likarudi," akasema Kima. "Mchwa wa zamani walikuwa na akili."

Fisi akasikia, roho ikamuuma. Vitabu vyake havikuwa na tundu hata la sindano. Akamwita Sange, kwa sababu Sange ndiye aliyekuwa mnusaji wa wiki nzima. Akikinusa kitabu, anakwambia kina umri gani.

"Ninusie hivi, kisha useme wenzako wasikie."

Fwi, fwi, fwi. "Kizuri." Fwi, fwi, fwi. "Kizuri." Fwi, fwi, fwi. "Kizuri, ila."

"Ila nini?"

"Mimi mdogo, Mzee. Nisije nikakuudhi."

"Sema kabla hujaniudhi."

"Havina tundu. Watu watasema mchwa amevikataa."

"Mchwa mharibifu tu yule."

"Mchwa ana ulimi, Mzee. Wewe mwenyewe, umewahi kukutana na mfupa ukauacha?"

Fisi akafikiri, akafikiri. "Sikumbuki."

"Basi mfupa ambao hata wewe umeukataa, huo ungekuwa mfupa gani?"

Fisi akasisimka manyoya. "Hao mchwa wanapatikana wapi?"

"Kichuguu kile pale, nyuma ya ulipofikia. Ila Mzee wangu, kile changu usiwapelekee. Kiache kizima."

"Chako ndicho kitakachotangulia."

Na kikatangulia kweli. Fisi akavipanga vyote ubavuni mwa kichuguu, cha Sange mbele, akawaambia mchwa, "Toboeni, msione haya."

Mchwa wakakivamia cha mbele. Kachu, tpu. Kachu, tpu. "Chungu." Bibi yake Sange hakuwa mjinga. Kila baada ya kurasa chache alilaza majani ya mwarobaini, na maji yake akayapaka jalada lote. Mchwa wakahamia kwa jirani. Kachu-kachu-kachu-kachu. Fisi akakaa kivulini siku nzima, anasikiliza, anatabasamu kama baba wa bibi harusi.

Siku ya kufunga akaenda kuvikusanya. Akainua cha kwanza: ganda, ndani unga. Akainua kingine: ganda, ndani unga.

"Tundu kubwa hili," akasema, akafuta machozi ya furaha.

Mwisho akakishika cha Sange. Kizima. Hata kona haikuumwa.

"Sange. Njoo hapa."

"Naam, Mzee."

"Hiki nini?"

Sange akainamisha pua. "Aibu, Mzee. Naona wamekikataa."

"Yaani unanichanganyia takataka kwenye mali yangu. Toa."

"Sasa nikipeleke wapi, Mzee, kitabu kama hiki?"

"Kawape watoto wachezee."

"Kama ulivyosema, Mzee."

Sange akakibeba. Hakukimbia, maana anayekimbia hufukuzwa. Akatembea taratibu mpaka kichaka cha kwanza, na hapo ndipo mbio zilipoanza.

Fisi akamwaga gunia mbele ya wenzake. Kikawa kilima cha unga. Wakakizunguka.

"Mzee," Nungunungu akanong'ona, "tangu tuanze kukutana hatujaona matundu mengi namna hii mahali pamoja."

Fisi akavimba. Akauzoa unga wake wote, akavuka mto, chopi, chopi, chopi, akiwaonya anaopishana nao wasipumue kwa nguvu.

Yangu yamekwisha. Asiyeshiba akakiulize kichuguu. Na funzo, kwa kuwa wenye vyeti hamwondoki bila funzo, ni hili: mkubwa akitaka kuazima kitabu chako, mpe bila kinyongo. Wakubwa hurudisha.