Vilivyotolewa Kwenye Gari la Kajiru

Mtu mmoja alikuwa na gari la kifahari lililozeeka, na mama aliyetaka kurudi nyumbani.

Jina lake Kajiru. Alimwendesha meneja wa shamba la mkonge kwa miaka ishirini na miwili, na meneja alipostaafu alimwachia lile gari kwa shukrani. Lilikuwa jeusi, refu, lenye viti vya ngozi, na mlango wake ulifungwa kwa sauti nzito, kama kitu kilichotengenezwa na watu wasiokuwa na haraka. Lilipoingia nchini lilikuwa gari la wakubwa. Kajiru alipolipata lilikuwa limekwisha kula chumvi nyingi, lakini watu bado walilisogelea kulitazama, naye alipenda kutazamwa pamoja nalo.

Mama yake, Nakundwa, alikuwa ameteremshwa kutoka milima ya Upare kuja kutibiwa nyonga, akakaa kwa mwanawe katika mji wa chini, kwenye joto la barabara kuu. Mwaka wa kwanza alivumilia. Mwaka wa pili daktari akasema macho yake yana presha, na kwamba yatafifia polepole hata yazimike. Mama hakulia. Alimwita mwanawe akamwambia, "Kajiru, nirudishe mlimani nikiwa naona."

Ombi lenyewe ndilo hilo. Lishikeni.

Kulikuwa na njia nyingine. Shemeji mmoja alikuwa na gari la kupanda milima, akasema lipo, mje mlichukue. Kajiru akakataa. Akasema mama yake hatapanda kwenda kwao kwa gari la kuombwa ilhali mwanawe ana gari. Alisema pia kwamba viti vyake ni laini kwa nyonga ya mgonjwa, na hilo lilikuwa kweli. Ukweli mdogo aliutanguliza mbele ya kiburi kikubwa, kama tufanyavyo sote.

Barabara ya mlimani ina kona kumi na moja. Safari ya kwanza gari lilichemka kwenye kona ya saba, moshi wa maji ukatoka mbele, wakarudi. Safari ya pili lilichemka palepale. Mama alikaa nyuma, mikono mapajani, akitazama juu kwenye ukungu mpaka gari lilipogeuzwa. Kajiru aliapa mbele yake kwamba gari hilo litapanda. Na mtu huyu akiapa hulala na kiapo chake na kuamka nacho. Sina neno juu ya nia yake. Nia ilikuwepo tele.

Akamwendea binamu yake, Mbonea, aliyekuwa na duka la urembo wa magari. Mbonea akamwambia kwamba gari linapungukiwa nguvu, na dawa ya upungufu ni kuongeza. Wakaongeza. Waliweka bomba pana la moshi, magurudumu makubwa yanayong'aa, na kompyuta ya injini wakaichokonoa ili imwage mafuta zaidi. Ilichukua miezi, maana kila kitu kiliagizwa mbali. Siku lilipotoka pale dukani, mtaa mzima ulijua. Mbuzi walikimbia. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, ila Kajiru siku ile alisikia nguvu, akafurahi, akampandisha mama garini.

Lilichemka kwenye kona ya tano.

Wakarudi tena. Walipofika Nakundwa alishuka kwa kushika mlango, akaikosa ngazi ya kwanza ya nyumba kwa mguu wake, akasimama akaitafuta kwa ncha ya kiatu. Kajiru aliona. Hofu ikamwingia kifuani, na safari hii ilikuwa hofu ya kweli, si aibu ya kutazamwa na watu.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na gereji ya mwanamke mmoja wa Tanga aitwaye Siwatu. Alikuwa fundi mwenye mkono mzuri na mdomo mkavu, na aliwahi kumrudisha mwenye gari nyumbani kwa sababu alimdanganya juu ya gari lake. Kajiru alimkwepa miaka yote. Sasa akaenda. Siwatu alilisikiliza gari dakika chache, akalizima, akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama Kajiru usoni.

"Mzee wangu," alisema, "sikuwekei kitu chochote humu mpaka uniambie kwanza mmetoa nini."

Kajiru akasema yeye hakutoa kitu, labda mafundi.

"Mafundi waliagizwa na nani?"

 Mficha uchi hazai, na Kajiru alikuwa na mama nyumbani anayepapasa ngazi. Basi akaketi juu ya tairi kuukuu pale uani na kuanza kukumbuka, na kila alipofikiri amemaliza, kingine kikaja.

Alitoa themostati, kile kifaa kidogo kinachoamua maji ya injini yapite lini, kwa kuwa madereva wote walisema hiyo ni ya nchi za barafu, huku kwetu kuna jua, toa. Alitoa kava la feni lilipopasuka, kwa kuwa fundi alisema hilo ni pambo tu, feni inazunguka hata bila nguo. Aliacha kununua maji maalumu ya rejeta, kile chombo cha kupozea injini, akajaza ya bombani, kwa kuwa maji ni maji. Na kila aliposhuka mlima, miaka yote ile, aliweka gia kwenye nyutro akaliacha gari lijiteremkie lenyewe, ili abane mafuta. Hilo alilisema mwisho na kwa sauti ndogo, maana lilikuwa jambo alilojivunia, na amewafundisha wengi.

Sikilizeni hapo. Hakuna alichokitoa kwa ubaya. Kila kimoja kilitolewa kwa sababu nzuri, na kila kimoja kilipotoka gari liliendelea kutembea, naye akasema, mnaona, hakikuwa na kazi. Barabara ya tambarare ilimwambia yuko sawa kwa miaka mingi. Mlima ulikuwa wa kwanza kumwuliza.

Siwatu akamweleza bila kumkemea. Injini isiyo na themostati haikuwahi kupata joto lake sawasawa, ikawa inakunywa mafuta na kutema masizi. Maji ya bomba yameijaza rejeta kutu. Feni isiyo na kava inavuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta ikiungua. Gia zimechoka kwa kuzungushwa bila kulainishwa vizuri kwenye miteremko, na breki zimeiva kwa kubeba zenyewe kazi ya watu wawili. Na juu ya mwili huo mgonjwa, Mbonea amevisha viatu vizito.

"Na nguvu?" Kajiru aliuliza.

"Tuviweke kwanza ulivyovitoa. Tukishamaliza, uniulize tena."

Wakaanza. Magurudumu ya kung'aa yalitolewa, yakarudi yale membamba ya gari lenyewe. Bomba la kelele likatolewa, na Mbonea alipolipita gari barabarani alicheka kwa sauti, akasema binamu yangu amezeeka. Themostati ilipatikana. Kava la feni halikupatikana. Lilikuwa plastiki tupu, pambo, na hakuna duka lililokuwa nalo. Kajiru akalitafuta kwenye vibanda vya vyuma chakavu mjini Moshi, hayupo mwenye nalo. Akaenda Tanga. Siku tatu alitembea kati ya magari yaliyokufa, akiinua boneti za watu wengine, mpaka alipolikuta kwenye gari ndugu na lake lililogongwa ubavuni. Akarudi nalo limelala mapajani mwake safari nzima. Aliyekuwa akitafuta bomba pana alikuwa sasa ameshikilia kitu ambacho hakuna mtu angekiona kamwe boneti ikifungwa.

Siku moja katika zile wiki Nakundwa alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika hewa. Kajiru alikimbilia gereji akasema gari litoke leo hii, lilivyo. Mafuta ya gia yalikuwa bado hayajabadilishwa. Siwatu akampa ufunguo, akasema, chukua, kona ya saba unaijua. Kajiru aliushika ufunguo ule, akaugeuza kiganjani. Kisha akaurudisha, akangoja siku mbili. Ninaiheshimu nia yake ya zamani, ya kuapa na kukimbia, lakini hii ya kungoja ndiyo iliyokuwa ngumu.

Kila kitu kiliporudi mahali pake, Siwatu alikubali kuongeza vitu viwili tu: rejeta nene kidogo kuliko ya mwanzo, na breki za mbele za gari ndugu lililo zito zaidi. Hilo la breki Kajiru hakuliomba. Siwatu alimwambia anayetaka kupanda zaidi lazima aweze kusimama zaidi.

Wakaondoka asubuhi. Kajiru aliendesha kwa gia ya pili bila kukanyaga sana, kama alivyoagizwa. Kona ya tano ikapita. Ya saba ikapita, mshale wa joto umesimama katikati kama mlinzi kazini. Hewa ya baridi ikaingia dirishani.

"Tutaifikia lini ile kona yetu?" Nakundwa aliuliza.

"Tumeshaipita, mama."

"Mbona sikusikia kitu?"

Wakafika. Kajiru alimshika mkono akamshusha mbele ya nyumba aliyozalia. Mbele yao milima ilikuwa wazi, hakuna ukungu hata kidogo, migomba, mifereji, njia nyekundu za miguu, vyote vikionekana mpaka upande wa pili wa bonde. Mama aligeuza uso huku na huku. Kisha akainama polepole, akafuata sauti ya maji yanayoshuka kutoka kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia lililochimbwa na babu zake, akatia mkono mferejini.

"Ni penyewe," akasema. "Sasa niambie, mlima wa mbele umevaa nini leo?"

Kajiru akamwambia. Alimwambia mahindi yamefika wapi, na paa gani ni jipya, na nani anapita njiani. Alisimulia huku machozi yakimtiririka, na sauti yake alijitahidi isitetemeke, maana alijua hesabu ya miezi. Safari ya tatu, mama huyu alikuwa bado anaona. Gari la shemeji lilikuwepo. Gari lake mwenyewe lingeweza kupanda tangu siku ile ya ombi, kama lingekuwa zima. Aliomba afikishwe akiwa anaona, naye alifikishwa, lakini haoni. Kaeni na hilo, msilipake sukari.

Jioni Kajiru alishuka peke yake kuwafuata watoto wake waliobaki mjini. Kwenye mteremko wa kwanza mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye gia, kuiweka nyutro, kama ulivyokwenda miaka yote. Ukafika. Ukagusa. Akautazama, akaurudisha kwenye usukani, akateremka na gia yake kona zote kumi na moja, na tangu siku ile hajaacha kushuka hivyo.

Nanyi mnaofunga na kukesha mkiomba mwongezewe nguvu za kupanda, mmekwisha kaa chini hata mara moja mkakumbuka, kimoja kimoja, mlivyovitoa kwa mikono yenu, kila kimoja kwa sababu nzuri, wakati anayewangoja bado anaona?