Jiwe la Kufulia Ndani ya Kioo

Mto hauletwi, huendewa. Bi Nakunda alipoitamka methali hiyo, vijana wa karakana yake ya matangi ya samaki waliacha kazi wakamtazama. Mmoja wao alikuwa ametoka kusema kwamba sikukuu hii haendi kwao, atatuma kitenge tu.

"Bibi, hiyo umeitoa wapi?" wakamuuliza.

"Msinikodolee macho, mikono iendelee," alisema. "Ilizaliwa humu humu, kwenye sakafu mnayoikanyaga, na ilizaliwa hivi."

Palikuwa na fundi wa karakana hii aliyeitwa Kalage, Mpare wa Usangi. Kazi yake ilikuwa kupanga bustani ndani ya maji: mawe, magogo na majani hai katika matangi makubwa ya kioo, hata mtu akisimama mbele yake adhani anachungulia bonde. Mjini hakuwa na mpinzani. Ila kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amepanda kwao milimani. Kila mwaka alisema mwakani, na mama yake, aliyekuwa akiishi na dada yake Namsifu, alizidi kuzeeka.

Hoteli moja ikamwagiza tangi la mita nne. Kalage akaamua kujenga humo kijito cha kwao, pale mama yake alipokuwa akifua na yeye akicheza majini. Alikitamani kijito kile mpaka usingizi ukampaa. Namsifu akampigia simu.

"Kaka, mama anakuulizia. Siku hizi hainuki ila kwa kushikwa mkono."

"Nikimaliza tangi nakuja. Hebu nitumie mawe ya kijitoni."

Namsifu akatuma kiroba kwa basi. Mawe yalifika yakiwa bado na unyevu, yamevikwa majani laini ya kijani. Kalage akayanusa, machozi yakamlengalenga. Kisha mikono ikafanya ilivyozoea, maana kila jiwe la nje humwagiwa maji yanayochemka lisije likaingiza konokono tangini. Alipozinduka, mvuke ulikuwa umekwisha kupanda na ule ukijani umegeuka kahawia. Harufu ya kwao ilipaa na mvuke, yakabaki mawe tu. Wenzake wakamcheka kwamba amepika mto kama viazi.

Hata hivyo hakukoma. Alipanga, akapangua, na majani hayakupata kushika mizizi kwa jinsi alivyoyang'oa. Lililomshinda kabisa ni jiwe la kufulia. Lilikuwa kushoto au kulia? Siku ya tano akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika wapi?"

Swali hilo lilimchoma. "Bado niko kazini, mama. Nauliza, lile jiwe la kufulia liko upande gani?"

"Ukitoka nyumbani, liko mkono wa kulia."

"Na mtu akisimama ng'ambo?"

"Asimame ng'ambo kutafuta nini? Sisi tunatokea nyumbani."

"Nakijenga kijito chetu huku, mama, ndani ya kioo. Nitakutumia picha."

"Kalage, mwanangu," mama akasema, "mto hauletwi. Huendewa. Na mimi vilevile."

Kalage akanawa mikono, akaliacha tangi lilivyo, na siku iliyofuata alikuwa Usangi. Alikuta kijito ni chembamba kuliko tangi lake. Mama naye alikuwa mwepesi mno. Alijua hivyo alipombeba mgongoni kumpeleka majini. Wakakaa juu ya lile jiwe, miguu ndani ya maji baridi.

"Umechelewa," mama akasema, "lakini maji hayajaisha."

Mwezi mzima alimbeba kwenda kijitoni kila asubuhi. Mwezi uliofuata alimzika.

Bi Nakunda akaishia hapo. Kijana mmoja akauliza lile tangi liliishia wapi.

"Nililimalizia mimi. Wageni wa hoteli wanalisifu mpaka leo. Kalage hajawahi kwenda kulitazama. Miaka kumi na mmoja anaililia bado, nimemwona kwa macho yangu. Ule mwezi mmoja haulilii. Ndiyo maana sisi mafundi wa kioo tunasema, na wengine wakatuiga: mto hauletwi, huendewa."