Kawa Juu, Ukoko Chini

Paukwa!

— Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmelala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Kawa hilo hilo ndilo nilitakalo leo, kifuniko cha ukili cha kufunikia chakula.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na Mzee Mbwarali. Watu husema alikuwa na hekima kubwa. Alikuwa nayo, ila kitambi chake kilikuwa kikubwa zaidi.

Palikuwa pia na mjane, Mwanaheri, na binti yake Kibibi. Watoto wenzake wanakimbia, Kibibi hata kusimama hawezi. Njaa imemmaliza miguu. Na desturi ya kule, kila Ijumaa kila nyumba humpelekea mjane sahani ya sadaka, imefunikwa kawa, ili mtoaji asijionyeshe. Desturi nzuri, si ndiyo? Ngojeni.

Kila jikoni watu walinong'onezana: "Wenzetu watapeleka wali na nyama. Sisi tukipeleka ukoko, nani atajua?"

Wakakwangua vyungu, kwaru-kwaru-kwaru! Kawa juu, ukoko chini. Mwanaheri akipokea, akisema, "Ahsanteni." Angesema nini, maskini?

Siku moja tajiri Mwinyikai akasimama barazani. "Jamani, sadaka haisaidii kitu! Tunatoa, tunatoa, mtoto bado hasimami. Ijumaa hii iwe ya mwisho, kisha tuache!"

"Tuache!" wakaitikia wote.

Mwanaheri akaenda kwa Mzee Mbwarali, analia. "Baba, wakiacha, mwanangu atakufa."

Mzee akajikuna kitambi. Akajikuna tena. "Sahani za Ijumaa hii usizifunue, mwanangu. Niletee zote."

Ijumaa ikafika. Mzee akapiga mbiu: "Leo kwangu karamu! Njooni!"

Lo! Walikuja mbio, wanasukumana, Mwinyikai mbele, mikono ameshanawa. Sahani zimepangwa, kawa juu, kawa juu, kawa juu. Mate yanawadondoka.

"Bismillahi," akasema mzee.

Fwaa! Ukoko. Fwaa! Ukoko. Fwaa! Ukoko na mkia wa dagaa.

Mwinyikai akatafuna, karakacha! Akashika shavu. "Mbwarali! Umetupikia uchafu gani?"

"Sijapika mimi. Hiyo ndiyo sadaka yenu isiyosaidia kitu. Na hilo kawa uliloshika, si la mkeo?"

Mwinyikai akauliza, "Na wewe ulijuaje, nazo zimefunikwa?"

Mzee akafunua sahani ya mwisho. Ukoko mweusi kuliko yote. "Hii yangu," akasema, na aibu ikamshika mpaka masikioni. "Nilidhani nyama mnapeleka nyinyi."

Tangu hapo makawa yakabaki majumbani. Sahani zikaenda wazi, nzi juu yake, lakini wali ni wali na nyama ni nyama. Kibibi akasimama. Kibibi akatembea. Na safari yake ya kwanza ilikuwa jikoni kwa Mzee Mbwarali, akamwibia paja la kuku.

Mzee akamfukuza kijiji kizima, puu-puu-puu, asimpate! Akasimama anahema, analia na kucheka pamoja. "Inasaidia!" akapiga kelele. "Jamani, sadaka inasaidia! Nirudishieni kuku wangu!"

Basi msiniulize kama sadaka ina faida. Ulizaneni kwanza mlitoa nini. Nami hadithi yangu naifunika kawa hapa hapa, na anayedhani chini yake kuna ukoko, na afunue.