Kuta za Majaribio za Mkwizu

Mkandarasi Mkwizu alijua kujengewa bure. Kila fundi aliyetaka kazi ya kudumu kwake aliambiwa, "Kwanza nijengee ukuta mmoja wa majaribio, nikupime." Ukuta ukiisha, Mkwizu aliuponda kwa maneno, fundi akatimuliwa, na ukuta ukabaki hapohapo kwenye jengo.

Ikafika zamu ya Tabu, mwanamke wa Muheza ambaye mafundi wenzake walimwita Kiroboto. Aliitaka kazi ile kwa udi na uvumba, akajenga ukuta ukanyooka kama uzi.

"Mbovu!" akasema Mkwizu, hata hajautazama.

"Bosi, sikio langu hili zito. Umesemaje?"

"Mbovu! Utaangukia watu huu!"

"Na zile kuta za wenzangu, kule jikoni na sebuleni?"

"Zote mbovu! Mafundi gani nyie? Hebu nitokee hapa!"

"Haya, bosi. Ila una mgeni nyuma ya ukuta. Nilimwalika aje aone ninavyopimwa."

Akajitokeza Hajati Rukia, mwenye jengo, kakunja uso. "Kumbe nyumba yangu nzima ni mbovu? Bomoa leo, Mkwizu, uanze upya kwa pesa yako!"

"La, Hajati! Kuta nzuri hizi, imara kabisa!"

"Kama nzuri, waliozijenga umewafukuzia nini?"

Mkwizu akajibu haraka. "Nitawachukua wote, Hajati, kazi ya kudumu, na huyu Tabu pia. Tatizo sijui nitawapata wapi sasa."

"Wako getini, bosi," Tabu akamwambia. "Na miiko wamekuja nayo."