Ngoma Iliyopoa Mlimani

"Pasha ngoma moto kabla hujamshuku mpigaji."

Mzee Kiluwa aliyasema hayo bila kuinua kichwa, akiendelea kuwamba ngozi ya ngoma kwenye ukumbi wa shule. Vijana wa kikundi cha sanaa walikuwa wamemjia wakigombana. Kipaza sauti kilikuwa kimezima katikati ya mazoezi, nao walishaamua kwamba mharibifu ni mwenzao Zuhura, kwa kuwa yeye ndiye aliyekishika mwisho. Waliposikia maneno ya mzee wakamuuliza yametoka wapi.

"Yametoka kwenye shule hii hii," alisema. "Kaeni. Methali hiyo ilianza hivi."

Zamani, kikundi cha ngoma na maigizo kilikuwa chini ya Mwalimu Shemdoe. Alikuwa na sikio zuri la kwaya na moyo mzito wa kuamini watu. Mwaka uliotangulia, shule ya mlimani iliwashinda kwa alama moja, tena kwa wimbo uliofanana na wa kwao. Labda nyimbo za mavuno hufanana zote, lakini Mwalimu Shemdoe aliapa kwamba waliibiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo stoo ya ngoma ikafungwa kwa kufuli mbili, funguo akazitundika shingoni, na akikuta wanafunzi wawili wananong'ona aliwatenganisha kabla hajajua wanachonong'ona.

Katikati ya mwaka huo akahamia msichana aitwaye Mbonea. Mama yake, muuguzi, alikuwa amehamishiwa zahanati ya hapa bondeni. Mikono ya binti yule juu ya ngoma haikuwa na mfano. Lakini alitoka wapi? Kule kule mlimani! Mwalimu alimpa ngoma kubwa kwa sababu hakuwa na mpigaji mwingine wa maana, ila imani hakumpa. Kila Mbonea alipopiga vizuri, mwalimu alijiuliza, "Huyu wenzake walimwachiaje aondoke?"

Mashindano ya mwaka ule yalifanyika kwenye shule ya mlimani. Mshindi angekwenda mkoani, na shule yetu ilikuwa haijawahi kufika huko hata mara moja. Kikundi kilipanda mlima siku moja kabla, kikalala madarasani pamoja na ngoma zao. Kulipokucha, ukungu ulikuwa umetanda mpaka mlingoti wa bendera hauonekani. Mbonea akaijaribu ngoma kubwa. Ikalia bu, bu, kama mtu anayepiga gunia la mahindi. Bondeni, ambako hata ndani ya stoo ni joto, haikuwahi kulia hivyo.

"Nani ameigusa ngoma hii?" aliuliza Mwalimu Shemdoe.

"Mwalimu," alisema Mbonea, "naomba niipeleke jikoni mara moja, kwa Bi Nangasu."

"Bi Nangasu ndiye nani?"

"Mpishi wa hapa. Tulipokuwa tuki…"

"Kumbe una watu wako hapa! Kaa chini. Ngoma haiendi popote."

Mwalimu akaenda ofisini kuchukua namba ya kupanda jukwaani. Njiani hakutulia. Alimkumbuka Mbonea jana yake, akikumbatiana na wasichana wa mlimani na kucheka nao. Walikuwa wakicheka nini? Aliporudi darasani, ngoma kubwa haikuwepo, na Mbonea hakuwepo.

Akaenda jikoni mbio. Alichokiona mlangoni kilimthibitishia yote aliyoyawaza tangu mwaka jana. Mbonea alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, ameuelekeza uso wa ngoma kwenye moto.

"Nilijua!" alifoka. "Unaiunguza ngoma yetu!"

"Siiunguzi, Mwalimu! Ngozi ime…"

"Nyamaza! Umetumwa wewe!"

Bi Nangasu akaweka mwiko chini. "Mwalimu, msikilize mtoto kwanza."

"Mama, wewe songa ugali wako. Ya kwetu niachie." Akaipokonya ngoma. "Na wewe Mbonea, kuanzia leo si mwenzetu. Usikanyage jukwaa."

Binti alilia. Hakulia kwa sauti, ila machozi yalimtoka mpaka kidevuni, na mwalimu akayaona akayaita unafiki.

Ngoma akapewa mvulana mmoja mvivu wa mazoezi aitwaye Kiluwa. Msicheke, mnamfahamu. Kiluwa alipiga kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyopiga ndivyo ngoma ilivyozidi kunung'unika. Wachezaji wakapoteza hatua, mmoja akageuka kushoto wenzake wakageuka kulia. Watazamaji wakaguna, kisha wakacheka. Hakuna aibu mbaya kama ya kuchekwa ukiwa umevaa njuga.

Baada yao waliitwa wenyeji. Mwalimu Shemdoe, akiwa amesimama pembeni, aliwaona wapigaji wa mlimani wakitokea jikoni, mlango ule ule, ngoma zao wamezifunika kwa mablanketi. Walipozifunua na kuzigonga, ukumbi mzima uliitika.

Mwalimu akatazama mablanketi. Akatazama mlango wa jikoni, moshi ukitoka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma yake. Ilikuwa baridi na laini kama sikio la mbuzi.

Alimkuta Mbonea ameketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Kila asubuhi huwa mnafanya hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila asubuhi ya ukungu, Mwalimu. Ngozi ikipata baridi hulegea. Ukiipasha moto hukaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza mara mbili."

Bi Nangasu akasema kutoka ndani, bila kuulizwa: "Baba, ungeipasha ngoma moto kwanza, ndipo umshuku mpigaji."

Mchana kulikuwa na maigizo, na igizo lao lilihitaji ngoma. Mwalimu aliwakusanya wanafunzi wote, akasema mbele yao, "Nimemkosea Mbonea. Mbonea, mwanangu, nakuomba radhi." Binti aliitikia kwa kichwa tu, akaibeba ngoma hadi kwenye mafiga. Walipopanda jukwaani, ngoma ililia mpaka wapishi wakaacha masufuria kuja kusikiliza. Igizo wakashika nafasi ya kwanza. Lakini ngoma ya asubuhi walikuwa wa mwisho, na alama zilipojumlishwa, wenyeji ndio waliokwenda mkoani.

Wakati wa kushuka mlima, wanafunzi walimtazama mwalimu, wakingoja aseme safari hii nani kawahujumu. Yeye akavua uzi wa funguo shingoni na kumvisha Mbonea.

"Mwaka huu hatukuibiwa," alisema. Baada ya kona mbili tatu akaongeza, "Na mwaka jana nadhani hatukuibiwa pia."

Mzee Kiluwa akakaza kamba ya mwisho, akaigonga ngoma kwa kidole. "Alama za igizo lile bado nazikumbuka," alisema. "Lakini zaidi namkumbuka yule binti kwenye ngazi. Tungefika mkoani, mimi nikicheza njuga na yeye akipiga." Akawageukia vijana. "Haya. Hicho kipaza sauti chenu, betri mmeitazama?"

Vijana wakaangaliana. Hakuna aliyekuwa ameitazama. Zuhura alikuwa amesimama peke yake karibu na dirisha, ameyafuta macho lakini yangali mekundu. Mmoja wao akaenda, akafungua kipaza sauti, akatoa betri mbili zilizovuja na kuota kutu.

"Zuhura," alisema, "tusamehe."

Mzee hakuwakemea. Aliwakumbusha tu, polepole, na safari hii kila mmoja alielewa: "Pasha ngoma moto kabla hujamshuku mpigaji."