Blanketi la Fundi Elinazi

Mtoka jasho hafunikwi blanketi. Shangazi yenu ameitamka sasa hivi, nanyi mmecheka mkidhani anazungumzia matandiko. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na wala aliyeianzisha hakuwa mhenga wa kale. Alikuwa mwanamke wa Mwanga aliyeshikwa na homa, na chanzo cha yote ni mumewe.

Mume huyo aliitwa Elinazi, fundi magari, mikono myepesi na kichwa kigumu. Injini ya Suzuki yao kuukuu ilipokufa, aliing'oa akaitupa uani, mahali pake akafunga mota ya foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na betri kumi na mbili. Gari la umeme, la kutengenezwa nyumbani! Watu walikuja kushangaa. Lakini Elinazi hakulitengeneza ili ashangiliwe. Mkewe, Nakijwa, alikuwa amevunjika nyonga na hawezi tena kupanda bodaboda, na dada yake mkubwa, Namkunda, aliishi juu milimani, Usangi, macho yakimfifia mwezi hadi mwezi. Alikuwa ametuma salamu: "Mwambieni Nakijwa aje niione sura yake kabla giza halijanifunga."

Nakijwa alitaka kukodi gari siku ile ile. Elinazi akaona aibu.

"Ukodi gari na mumeo ni fundi? Nipe wiki mbili tu."

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Kilichomshinda ni kontrola. Hicho ni kisanduku kinachokaa kati ya betri na mota, kikipima umeme upite kiasi gani kulingana na mguu wa dereva. Ya kwanza aliifunga juu ya ubao, ndani ya boneti. Kufika kona ya tatu ya mlima, moshi! Akaapa kwamba aliuziwa feki. Ya pili akaiagiza Dar, na safari hii akafikiri sana: barabara ile ni mawe na makorongo, kisanduku kinatikisika mno, maskini. Akakata sponji la godoro akakivika pande zote, taratibu, kama mtu anayefunga mayai ya safari. Hiyo ikafa kona ya pili.

Mnadhani alijifunza? Thubutu! Ya tatu akaizungushia sponji mara mbili, na juu yake kipande cha blanketi. Hii haikuungua, maana ilikuwa na akili kuliko mwenyewe: ilijizima kabla hata ya kona ya kwanza. Akingoja robo saa inawaka, akienda kidogo inazima. Wapita njia wakalipa gari jina, Bwana Nipumzike.

Jumatano moja Nakijwa akasema, tena bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma mumewe, "Baba Mbonea, dada yangu anapofuka. Jumamosi nakodi gari."

Elinazi alikwenda gereji akakaa juu ya tairi. Kuchekwa na mji mzima aliweza kuvumilia, ila kushindwa mbele ya mke wake kulimuuma sana.

Kesho yake malaria ikamwangusha Nakijwa. Akameza dawa, na mchana jasho likaanza kumtoka, shuka likalowa chapachapa. Elinazi akaingia, akamwona vile, akashikwa na huruma. Akatoa kabatini blanketi zito la Julai, akamfunika hadi kidevuni, akachomekea na pembeni.

"We baba!" Nakijwa akalitupa blanketi sakafuni. "Mtu anatoka jasho unamfunika blanketi? Unataka nife?"

"Nakuhurumia, Mama Mbonea."

"Huruma gani hiyo? Si uniulize kwanza! Hili joto litoke wapi kama umeliziba?"

Elinazi akaganda. "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la joto. Litoke wapi?"

"Jamani, mgonjwa hapa ni mimi au wewe?"

Lakini Elinazi alikwishatoka mbio.

"Na maji ya kunywa sijapewa!" Nakijwa akapaza sauti. Elinazi akarudi, akampa maji, akatoka tena mbio.

Kila kontrola ilipokufa aliigusa akaikuta ya moto, akadhani moto ule ulitokana na kufa. Kumbe ndio uliokuwa ukiiua! Akararua blanketi, akararua sponji, akatupa na ubao. Kisha akachungulia dirishani kwa mkewe.

"Naomba sufuria la alumini."

"Chukua lile lililotoboka. La pilau usiliguse!"

Akakata kitako kinene cha sufuria hilo, akakifunga mbele kabisa, pale rejeta ilipokuwa, upepo ukipiga. Akakipaka mafuta mazito ya kupitisha joto, akaikaza kontrola juu yake, uchi kama ilivyozaliwa.

Jumamosi hiyo hakuna aliyekodi gari, maana mgonjwa alikuwa bado kitandani. Jumamosi iliyofuata walipanda wenyewe. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Elinazi alisimama mara moja, akashuka akaigusa kontrola. Ilikuwa vuguvugu tu. Aliporudi kwenye usukani machozi yalikuwa yakimlengalenga, na Nakijwa akajifanya anatazama migomba.

Namkunda alimshika mdogo wake mashavu yote mawili, akasogeza uso karibu, karibu zaidi, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Umeniona!" Nakijwa akalia na kucheka kwa pamoja.

Jioni ukungu ukashuka mlimani. Nakijwa alipoketi garini, Elinazi alishika blanketi mkononi, lakini hakulitandaza.

"Unatoka jasho au unasikia baridi?"

"Baridi, mume wangu. Nifunike."

Namkunda akauliza maneno gani hayo, akasimuliwa yote, akacheka hadi akashika mbavu. Jumapili akawahadithia wenzake wa kanisani, nao wakaifupisha ikawa methali, wakashuka nayo sokoni, hadi ikatufikia sisi. Basi leo shangazi yenu amemwona jirani akimletea vyombo vya chakula na kelele za pole mtu anayehitaji kulala tu, naye akasema la haki. Kabla hujamsaidia mtu, muulize kinachomsumbua. Mtoka jasho hafunikwi blanketi.